Niliulizwa Hali, Nikasema Nzuri

Sijamsamehe. Naanza na hilo ili usije ukasoma mpaka mwisho ukitarajia nitakuambia kwamba ugonjwa umenifundisha upole. Haukunifundisha. Umenifundisha kufungua mlango kwa kiwiko, kuvuta dera kwa meno, na kumkumbuka mtu aliyenikosea, kwa jina lake, sauti yake na manukato aliyojipaka siku ile.

Naitwa Tatu. Ninaishi Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye chumba kile kile nilichoingizwa nikiwa bibi harusi na ambamo mume wangu alikata roho. Naandika haya mchana, kwa sababu asubuhi vidole si vyangu. Nakuandikia wewe uliyeambiwa una baridi yabisi, au maradhi mengine yoyote yasiyoonekana kwa jicho la haraka, na sasa unafuatilia pensheni ya ulemavu au unaogopa kunyang'anywa uliyonayo. Mambo ya dawa waulize madaktari. Mimi nitakuambia ya kwenye mabenchi.

Nilikuwa mshonaji. Si wa cherehani ya barazani. Nilikuwa kiwandani, kwenye sare za shule, na mchango wangu wa Mfuko wa pensheni ulikatwa kila mwezi tangu nikiwa msichana. Nilikaa kwenye mashine ya overloki, na nikisema nilikuwa na mikono myepesi usidhani najisifu, waulize niliofanya nao kazi. Vuli moja, wakati ule ambao viwanda vya sare havipumziki kwa sababu Januari shule zinafunguliwa, dole gumba la kulia likaanza kuniuma kila nikiamka. Nikalipaka mafuta ya karafuu. Likafuata la kushoto, kisha vifundo vyote, kisha magoti, na masika yalipoingia nilikuwa siwezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mkasi uliniponyoka mbele ya msimamizi, ukatua karibu na kidole cha mguu wake. Akanihamishia kwenye kukunja mashati, kutoka hapo kwenye kuchambua vifungo, na kutoka kwenye vifungo akanipeleka nyumbani.

Wifi yangu Rehema, dada wa marehemu mume wangu, alijua ninaumwa nini kabla ya daktari yeyote.

"Umechezewa," aliniambia. "Kuna mtu hapo kiwandani alikuwa anaitolea macho hiyo mashine yako."

Akanipeleka kwa mganga wake huko Mbagala, nikachanjwa, nikakandwa kwa majani yaliyonichuna ngozi ya magoti. Kipupwe chote kikaishia hapo. Nilipofika kliniki hatimaye, daktari alinishika vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, akaniuliza, "Mama, ulikuwa wapi muda wote huu?" Nikamtazama wifi. Wifi akatazama dari.

Kliniki yenyewe ilikuwa kila Jumatano, upande wa Upanga. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Tunakaa na kadi zetu mapajani, na kila anayeingia anaulizwa, "Umeamkaje?" na kila mtu anajibu, "Salama," hata yule aliyeletwa amebebwa mgongoni na mwanawe. Sikuona ajabu. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa hali, kwanza unasema nzuri, ndipo unaeleza lililokuleta. Hata msibani mfiwa akiulizwa habari atakujibu nzuri, kisha ndipo alie. Likumbuke hili, maana ndilo lililoniponza.

Palikuwa na nesi mmoja pale, mnene, asiyecheka na mtu. Hakuwahi kunipa pole hata siku moja. Lakini kila akipita akaniona nahangaika na chupa ya maji, aliichukua, akaifungua, akanirudishia na kuendelea na safari yake. Watu walionipa pole nimewasahau wengi, yeye sijamsahau.

Sindano ya kwanza ya goti nilichomwa kabla ya Ramadhani, ya pili baada ya Idi. Vidonge vidogo vyeupe viliniondolea ule moto wa kwenye viungo, lakini navyo vilijilipa. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba, ukinigusa inachubuka. Uso ukajaa, ukawa duara, mashavu yakang'aa. Na mjini kwetu mtu mwenye mashavu haumwi. Nilikuwa nikipita kwenye maduka ya kanga nikijikongoja, wauzaji wananiita, "Bi Tatu, umenawiri, siku hizi unakula nini?" Wifi Rehema alinitazama siku moja kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili zangu, akasema, "Mgonjwa gani huyu ananenepa." Nilicheka naye, na moyoni nikaliweka.

Wasichokijua ni kwamba ugonjwa huu una saa zake. Kukipambazuka mimi ni gogo. Vidole vimejikunja, viganja vimevimba, magoti hayasikii amri. Ikifika adhuhuri nalegea kidogo kidogo, na alasiri unaweza kuniona nimekaa barazani nachambua mchele ukadhani mwanamke huyu hana tatizo. Asubuhi zangu alizijua mtu mmoja tu, Mama Neema, mpangaji mwenzangu, mtu wa Songea anayeuza samaki wa kukaanga. Alikuwa na ufunguo wangu, kwa kuwa mimi kufuli lilikuwa limenishinda. Kabla ya kwenda Feri kununua samaki aliingia, akaninyanyua, akanifunga kanga, akanipeleka msalani, akanirudisha na kunishikisha kikombe cha uji chenye vishikio viwili. Mikono yake ilikuwa inanuka samaki wa jana na sabuni ya mche. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Jioni tukikutana uani tunaongea habari za bei ya mafuta ya kula kana kwamba asubuhi haikuwahi kuwepo.

Kuipata pensheni kulinichukua kutoka kiangazi mpaka kiangazi. Muhuri wa mwajiri uko kwa bosi, bosi yuko safarini. Leo mtandao hakuna. Faili lako liko Dodoma. Njoo Jumatatu. Nilikwenda Jumatatu nyingi. Mwisho nikasimamishwa mbele ya bodi ya madaktari, wakanikunja na kunikunjua, wakaandika kwamba sifai tena kwa kazi ya mikono. Nililia pale pale, na ilikuwa furaha. Pensheni ile ndiyo kodi ya chumba changu na ndiyo dawa zangu. Bila hiyo ningehamia Chanika kwa wifi Rehema, ambaye tayari alikuwa amenitengea stoo. "Chanika kuna hewa," alikuwa akisema. Hewa ipo, sikatai. Lakini nilishamsikia kwenye simu akimsimulia ndugu yake jinsi nilivyoshindwa kujifunga vifungo, naye anacheka. Nikajua nikienda kule, kila nitakapoogeshwa ukoo mzima utapata taarifa. Bora nife Narung'ombe.

Sharti la kubaki kwenye pensheni lilikuwa moja: kila mwaka unakwenda mwenyewe ofisini kuhakikiwa, wakuone, wachukue alama ya kidole. Uhakiki wa kwanza nilijiandaa kama naenda kuposwa. Niliomba niende baada ya adhuhuri, vidole vikiwa vimelegea, nisije nikaaibika mbele za watu. Mama Neema akanivalisha dera jipya, hereni, akanipaka wanja. Dera tulilifukiza udi. Mtu haendi ofisi ya watu na matongotongo, ndivyo mama yangu alivyonifunza, na sijui mwanamke wa pwani aliyefunzwa vingine.

Afisa aliyenipokea nitamwita Bi Consolata. Jina lake la kweli ninalo, ila nimeambiwa nisiliandike. Ni mdogo kwangu, mwanamke nadhifu, ana sauti ya kubembelezea mtoto alale na manukato ya waridi yanayotangulia kuingia chumbani kabla yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umependeza mama yangu mpendwa. Hali yako?"

"Nzuri, alhamdulillahi. Namshukuru Mungu."

Nikangoja swali la pili. Kwetu swali la pili ndilo swali. Unaulizwa hali, unasema nzuri, kisha mwenzio anakuuliza, na ile mikono je, na magoti yanaendeleaje? Hapo ndipo unamwaga. Halikuja. Akanisogezea kile kimashine cha alama za vidole, nikakandamiza, kikawaka taa ya kijani. Akaniambia tumemaliza, niende salama. Nikamshukuru, nikawaombea watoto wake afya na ufaulu. Dua ile naidai mpaka leo.

Mwezi uliofuata pensheni haikuingia. Nikasema mtandao. Mwezi mwingine haikuingia, nikarudi ofisini, asubuhi hiyo nikiwa nimejikaza kufungwa kila kitu na Mama Neema na kumeza dawa ya maumivu kupita kiasi ili nifike nikiwa mtu. Bi Consolata akatazama kwenye kompyuta yake, kisha akanitazama kwa huruma, huruma ambayo nikiikumbuka natafuta kitu cha kutupa.

"Pensheni imesitishwa mama. Taarifa zinaonyesha umepata nafuu."

"Nafuu nimeipata wapi? Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe mama yangu mpendwa. Nilikuuliza hali, ukaniambia nzuri. Nikaandika nzuri."

"Ile ilikuwa salamu."

"Mimi siandiki salamu, mama. Naandika majibu."

Nilitaka kumzaba kofi. Kiganja hakikukunjuka. Nilikaa pale nimekishika kwa mkono mwingine, na yeye akadhani nasali, akanyamaza kwa heshima. Kisha akanieleza kwa ile sauti yake kwamba naweza kukata rufaa, nitapangiwa tarehe, nitaonwa upya na bodi. Nikamuuliza lini. Akasema nitajulishwa.

Masika yale nilianza kumeza nusu ya vidonge ili vifike mbali. Mashavu yakashuka, na maumivu yakarudi na mizigo yao yote. Mwenye nyumba, mzee mstaarabu, akawa anakohoa akipita mlangoni kwangu, hasemi kitu, anakohoa tu. Wifi Rehema alikuja na maboksi. Aliyaomba kwenye duka la vyombo Mtaa wa Kongo, akayapanga kwenye kona ya chumba changu, makubwa chini na madogo juu.

"Nimeyatanguliza," alisema. "Siku ukichoka kushindana, tunapakia tu."

"Yarudishe ulikoyatoa."

"Tatu, unajidekeza. Hata ofisi imeona umepona."

Alipoondoka niliyapiga teke. Goti likaniuma siku tatu, na maboksi hayakubomoka.

Sasa nikawa silali kwa chuki. Usiambiwe na mtu kwamba chuki inamaliza mgonjwa. Mimi ilinilisha. Nilikuwa nalala naye na kuamka naye yule mwanamke, namwona anajipaka waridi, anawasalimia wagonjwa, anaandika. Nikaamua kumsomea Albadiri. Kwetu mtu akidhulumiwa na hana pa kushtaki, kuna kisomo hicho, na watu wa Kariakoo wanakiogopa kuliko polisi. Tangaza tu sokoni kwamba utasoma Albadiri, mwizi atakurudishia mzigo wako usiku huo huo. Nikaenda kwa ustadhi mmoja mwenye duka la udi na mafuta mazuri. Nilimkuta anabishana na mteja juu ya miski feki. Alipomaliza nikamweleza shida yangu tangu mwanzo, na nikamwambia nataka aisome kwa nguvu, ile ya kuvimbisha tumbo.

Alinisikiliza huku anafunga vichupa kwenye karatasi.

"Bi Tatu, kisomo hiki hakimjui aliyekuja kukiomba," alisema. "Kinamtafuta mwongo. Sasa nieleze, huyo dada alisema uongo gani?"

"Aliandika kwamba hali yangu nzuri."

"Nani alimwambia?"

Nikageukia vichupa vyake vya miski.

"Ulipoulizwa hali, ulikuwa mzima?"

"Ustadhi, ile ni adabu. Wewe ukiniuliza hapa nitakujibu hivyo hivyo."

"Mimi najua. Ila ikianza kusomwa haitauliza adabu. Rudi nyumbani, mama. Tumbo litakalovimba naogopa litakuwa lako."

Nikatoka pale nimekasirika na yeye pia. Nimekasirika mpaka leo, maana salamu si ushahidi wa mahakamani, na asiyejua hilo asiketi kwenye kiti cha kuwauliza watu hali zao. Lakini tumbo langu nalipenda, sikurudi.

Jioni nilimsimulia Mama Neema uani, anaparua samaki. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuzitaja asubuhi zangu kwa mdomo.

"Yule dada ameona mchana wako," alisema. "Asubuhi yako naijua mimi tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, Bi Tatu. Wewe umeficha mpaka ukapendeza."

Maneno hayo yalinizunguka kichwani mpaka barua ya rufaa ilipokuja. Tarehe ilikuwa katikati ya kipupwe, ule wakati ambao hata watu wazima wanalalamika viungo, na nilitakiwa kuripoti kwanza kwa afisa, asubuhi ofisi zikifunguliwa. Kwa Bi Consolata. Nikasoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Nikamwita Mama Neema.

"Siku hiyo usinivalishe. Usininyooshe vidole kwenye maji ya moto. Usinipeleke msalani. Nipakie kwenye bajaji kama utakavyonikuta kitandani, unishushe mlangoni kwao, uende zako Feri."

"Aibu hiyo, Bi Tatu."

"Najua ni aibu. Safari hii siyo yangu."

Hakulipenda jambo lile. Lakini alifanya kama nilivyomwomba, na njia nzima kwenye bajaji alikuwa ananiangalia pembeni, midomo ameibana. Akanishusha, mlinzi wa getini akanipokea upande wa pili, akaniweka kwenye kiti mbele ya meza ile. Nilikuwa na kanga ya kulalia imelegea kiunoni, kichwa wazi hakijachanwa, ute wa usingizi kwenye kona za macho. Mikono niliiweka juu ya meza yake, imejikunja kama kaa waliokaushwa. Sikuitoa.

Bi Consolata alisita mlangoni. Waridi likatangulia, yeye akafuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hali yako?"

"Sijiwezi," nilisema. "Tangu niamke sijakojoa kwa sababu siwezi kuinuka. Sijapiga mswaki kwa sababu siwezi kuushika. Goti la kushoto linawaka. Shingo haigeuki, ndiyo maana nakutazama kwa upande. Andika."

Akaketi. Kalamu alikuwa nayo mkononi, hakuandika. Akanisogezea kimashine cha alama za vidole, nafikiri kwa kukosa la kufanya. Nikampa mkono. Akajaribu kukikunjua kidole changu cha shahada kwa upole, hakikukunjuka, akajaribu kidogo kwa nguvu, nikapiga ukelele ambao kila mtu kwenye korido aliusikia. Akaurudisha mkono wangu mezani kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Kimashine kikawa kinawaka taa nyekundu na kulia, hakuna anayekizima.

"Nataka kwenda msalani," nikamwambia.

"Ngoja nimwite dada wa usafi akusaidie."

"Dada wa usafi hakuandika kwamba nimepona. Uliandika wewe. Nipeleke wewe."

Watu watatu walikuwa wamesimama mlangoni sasa, wagonjwa wenzangu na mlinzi. Bi Consolata akawatazama, akanitazama mimi, akainuka. Alinishika kwapani. Alikuwa hajui kumwinua mtu, alinivuta mkono badala ya kunibeba mwili, nikamwelekeza, si hivyo, hapa, piga goti, haya. Korido ile ni fupi. Tuliikokota kama ndiyo barabara ya kwenda Chanika.

Choo chao ni cha kuchuchumaa, hakuna pa kushika. Komeo lake lilimshinda hata yeye. Nikamwambia afungue fundo la kanga, akafungua. Nikamwambia anishushe nguo ya ndani, akanishusha, macho ameyapeleka ukutani. Magoti yangu hayakunjiki asubuhi, kwa hiyo ilibidi anishike kwa nyuma, kifua chake mgongoni kwangu, mikono yake imenikumbatia tumboni, nikajisaidia nikiwa nimening'inia hivyo. Nilichukua muda. Ningeweza kufanya haraka. Nilichukua muda.

"Tumemaliza mama?" aliniuliza.

"Sisi tunatumia maji," nikamwambia. "Kopo lile pale."

Akainama akalichukua kopo. Alikuwa na pete nzuri ya ndoa, na saa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini siku ile kuna mtu aliye hai aliyechungulia. Sikumwonea huruma. Nimesikia wanaosema kisasi hakina raha, na mimi nawaambia labda hawakukifanya vizuri.

Alinifunga kanga, vibaya, ikabidi nimrudishe afunge tena. Alinawa mikono yake mara nyingi. Kisha akasimama ananiangalia kwenye kile kioo cha juu ya sinki, wanja umemteremka kidogo.

"Samahani mama," alisema.

Nilimwambia anirudishe kwenye kiti.

Bodi waliniona asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu alikwenda mwenyewe kuwaambia wasiningojeshe. Hawakuniuliza hali. Walitazama mikono, wakatazamana, mmoja akauliza nani alisitisha, na Bi Consolata, amesimama kando ya mlango, akasema ni yeye. Ulikuwa wimbo mtamu kwangu. Pensheni ikarudi, na ya miezi iliyokatwa ikaja pamoja nayo. Nikalipa kodi, mzee akaacha kukohoa. Maboksi ya wifi nilimpa Mama Neema awashie jiko la samaki. Wifi alipokuja akauliza yako wapi, nikamwonyesha jivu. Tangu hapo anakuja sikukuu tu, anakaa kidogo, anasema nimependeza.

Dawa nikarudia kamili. Mashavu yamerudi nayo, na siku hizi daktari amenibadilishia, nina sindano ya kila mwezi ambayo imenipunguzia ugogo wa alfajiri. Najishikia kikombe mwenyewe siku nyingi. Mama Neema bado anaingia kabla ya kwenda Feri, na sasa tunalizungumza jambo lenyewe, tena kwa mizaha. Ananiita bosi wa msalani.

Kwenye korido ile ya uhakiki nimekuwa mtu wa kukaa muda mrefu kuliko inavyonipasa. Mgeni akija amevaa vizuri, ananukia, nasogea karibu yake. Namwambia rudi nyumbani, mwanangu, uje kesho na asubuhi yako. Usijifute. Usijinyooshe. Ukiulizwa hali, limeze lile neno nzuri alilokufunza mama yako, sema la pili kwanza. Wapo wanaokataa, wanasema ni utovu wa adabu. Nawaambia adabu nilikuwa nayo mimi, na ilinipeleka nusu ya njia ya Chanika.

Mwaka huu nilikwenda tena kuhakikiwa. Bi Consolata bado yupo. Aliponiona naingia aliinuka mwenyewe, akanivutia kiti, akaniuliza, "Bi Tatu, leo umeamkaje? Mikono? Magoti? Msalani umekwenda?" Maswali yote, moja baada ya jingine, na kila jibu analiandika kabla ya kuuliza linalofuata. Nikamjibu yote bila haraka. Nilipokuwa namngojea amalize nikaona chini ya meza. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu chake cha kazi, wa pili amevaa kandambili, umevimba mpaka kwenye fundo, umefungwa bandeji, na ameulaza juu ya boksi la karatasi. Na juu, machoni, alikuwa na ule wekundu wa mtu ambaye hajalala.

"Na wewe mwanangu," nikamuuliza, "hali yako?"

"Nzuri mama," akasema. "Tunamshukuru Mungu."

Nikangoja. Akaniangalia, nafikiri alikuwa anangoja swali la pili.

Nikachukua fimbo yangu, nikainuka.

"Haya," nikamwambia. "Nimeandika nzuri."